Seba hakuja kazini, kaumwa na nge

Waheshimiwa wageni wetu, walimu wenzangu, wazazi mliofika, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nieleze jinsi ninavyowafundisha watoto wa Darasa la Tano maisha ya kila siku ya Wamisri wa kale. Nianze na kitu ambacho kila mwalimu aliye hapa kakishika wiki hii: daftari la mahudhurio.

Katika makumbusho ya British Museum, kule London, kuna kipande cha jiwe la chokaa kilichoandikwa pande zote mbili. Ukingoni yamepangwa majina arobaini ya wanaume. Mbele ya kila jina zimo tarehe ambazo mtu huyo hakufika kazini, kwa wino mweusi. Juu ya tarehe imeandikwa sababu, kwa wino mwekundu. Walimu wenzangu, wino mwekundu! Ni mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses wa Pili, yaani karibu 1240 K.K., na kuna karani aliyekaa akamhesabia kila mtu siku zake za utoro. Huyu anaumwa macho. Yule anapika pombe. Mwingine mama yake kafariki, yuko kwenye kuufunga mwili kwa sanda. Na mmoja aitwaye Seba kaumwa na nge.

Siku ya kwanza ya mada hii siandiki neno "piramidi" ubaoni. Naita mahudhurio. Naita majina ya darasa zima kama kawaida, na nikifika mwisho naita: "Seba!" Kimya. Watoto wanageuka nyuma kumtafuta mwanafunzi mgeni. Naita tena: "Seba!" Halafu nasema, "Seba hayupo. Kaumwa na nge." Hapo mikono inaanza kupanda. Nge mweusi au mwekundu? Alipelekwa hospitali? Alipona? Mwalimu, alikatwa mshahara? Mtoto anayeuliza kama Seba alikatwa mshahara ameshaingia Misri, na kaingia mwenyewe bila kusukumwa.

Zamani sikufundisha hivi. Miaka yangu ya kwanza kazini niliandika orodha ya mafarao, nikachora piramidi, nikaeleza jinsi maiti zilivyokaushwa kwa magadi na ubongo ulivyotolewa kupitia puani. Watoto walisikiliza kwa hamu, kama wanavyosikiliza hadithi za majini usiku. Kisha nikatoa jaribio, swali la kwanza likiwa: "Wamisri wa kale walikuwa watu wa namna gani?" Mtoto mmoja akaandika: "Walikuwa watu waliokufa." Nilikaa na lile karatasi muda mrefu. Nilitaka kumwekea kosa, nikashindwa, kwa sababu kaandika sawasawa na nilivyomfundisha.

Lile jibu ndilo lililonifanya nianze kusoma upya. Na jambo la kwanza nililojifunza, ambalo nawaomba mlibebe mrudi nalo shuleni, ni sababu ya sisi kuwajua Wamisri wa kale kwa makaburi yao zaidi kuliko kwa nyumba zao. Makaburi yalichimbwa jangwani, kwenye ukavu, na ukavu unatunza: mbao, nguo, mikate, hata shada la maua. Nyumba zilikuwa kando ya mto, kwenye ardhi yenye rutuba, zikajengwa kwa tofali mbichi za udongo uliochanganywa na makapi. Tofali la namna hiyo likilowa linarudi kuwa udongo. Nyumba mpya ikajengwa juu ya ya zamani, kizazi juu ya kizazi, na baadaye wakulima wakachimba magofu hayo kwa sababu udongo wake ni mbolea nzuri. Kwa hiyo tumebakiwa na vitu vya msibani, ndipo tunasema watu hawa walipenda kifo. Naamini walipenda uhai kuliko tunavyodhani. Aliyewekewa mkate na kiti na sanduku la nguo kaburini kawekewa vile kwa sababu hakutaka kuachana navyo.

Watoto wa Mwanza hulielewa jambo hili upesi kuliko nilivyotegemea. Wengi wao wameona nyumba ya tofali mbichi baada ya masika. Wanajua inavyokuwa paa likiondoka.

Kipo kijiji kimoja ambacho nyumba zake zimebaki, na hicho ndicho kijiji cha Seba. Leo kinaitwa Deir el-Medina. Kiko ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na mji wa Luxor, kwenye bonde kavu kati ya vilima. Waliishi humo mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi ya wafalme, wao na wake zao na watoto wao, kwa zaidi ya miaka mia nne. Ndani ya ukuta wa kijiji kulikuwa na nyumba kama 68, zimebanana ukuta kwa ukuta, kila moja nyembamba na ndefu, na vyumba vimefuatana kutoka mbele hadi jikoni nyuma, na ngazi ya kupandia darini. Mfaransa Bernard Bruyère alichimba pale kuanzia 1922, akaendelea kwa karibu miaka thelathini.

Kilichohifadhi kijiji hiki ni shida ya maji. Hapakuwa na kisima. Kila tone lilipandishwa kutoka kando ya mto kwa punda, likamiminwa kwenye mitungi, na kila kaya ikapewa fungu lake. Kwa kuwa kijiji kilikuwa juu, mbali na mto, mafuriko hayakufika pale, na vitu vikabaki palepale vilipoangushwa. Nikifika hapa naacha kueleza, namwuliza mtoto: nyumbani kwenu maji mnachota wapi? Nani anachota? Kwa ndoo ngapi? Nawagawa kwa vikundi, kila kikundi ni kaya ya watu sita, nawapa ndoo mbili za maji kwa siku, waamue wenyewe ya kunywa, ya kupikia na ya kuogea. Hubishana vikali. Hakuna andalio la somo lililowahi kunipa ubishi mzuri kama ule.

Sasa niseme kuhusu vigae, maana hapo ndipo hazina yenyewe ilipo. Mafunjo, yaani karatasi za wakati ule zilizotengenezwa kwa matete, yalikuwa ghali. Kwa mambo madogo ya kila siku watu wa Deir el-Medina waliandika kwenye vigae vya mitungi iliyovunjika na kwenye vipande vya mawe ya chokaa vilivyotapakaa huko milimani. Vimepatikana maelfu kwa maelfu: orodha ya nguo zilizopelekwa kwa dobi, deni la punda, barua ya kuomba mboga, kesi, vichekesho vya kuchora, mazoezi ya watoto wanaojifunza kuandika. Walimu wenzangu, zana ya kufundishia hii haihitaji bajeti. Waambieni watoto waokote vigae. Vyungu vinavunjika kila siku katika kila mtaa. Mtoto achukue mkaa, aandike juu ya kigae jambo moja tu lililotokea kwao jana. Siyo "jana nilicheza", bali jambo lenye jina la kitu na idadi yake. "Tumenunua dagaa sado mbili." "Kuku wa jirani kataga kwetu." Vigae vikikusanywa kwenye boksi, kundi jingine la wanafunzi livitoe kimoja kimoja, lijaribu kutueleza watu hawa walikuwa nani. Ndivyo mwanahistoria anavyofanya kazi, na mtoto wa miaka kumi na moja anaiweza.

Wakishazoea kigae, tunaandika kwa alama za Kimisri. Zipo alama ishirini na nne ambazo kila moja inasimamia sauti moja, na hizo zinatosha. Mstari wa mawimbi ya maji ni n. Mguu ni b. Mdomo ni r. Na m ni bundi. Mara ya kwanza nilipochora bundi ubaoni, kijana mmoja alifunika daftari lake. Kwao bundi akilia juu ya paa, kuna mtu atakufa. Hawezi kumwandika, tena katika neno "mama", ambalo lina bundi wawili. Sikumlazimisha. Tulikaa tukazungumza kwamba ndege huyuhuyu, kwa watu hawa, alikuwa herufi tu, na mtoto wa Kimisri alimchora mara mia kwa siku bila kuogopa. Wiki iliyofuata kijana yule aliandika jina la mama yake, lenye bundi. Sijui alichokisema nyumbani.

Na kwa wale wanaodhani kusahihisha kwa kalamu nyekundu tumeletewa na wakoloni: pale New York, katika Metropolitan Museum, kuna ubao wa mwanafunzi wa Kimisri ambao mwalimu wake amesahihisha makosa kwa wino mwekundu. Ubao huo una karibu miaka elfu nne.

Tuje kwenye chakula. Mshahara wa fundi wa kawaida wa kijiji kile ulikuwa nafaka. Kila mwezi alipata magunia manne ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri, kwa kipimo chao kilichoitwa khar, ambacho ni kama lita 76. Watoto wakipiga hesabu kwa debe la lita ishirini wanapata karibu debe ishirini na moja kwa mwezi. Naliacha darasa lihesabu lenyewe: inatosha familia ya watu wangapi? Inayobaki itauzwa kwa nini, wakati sarafu hakuna? Hapo mwalimu wa Hisabati anakuwa mgeni wetu wa heshima.

Ngano ilikuwa mikate, shayiri ilikuwa pombe. Na pombe ile msiiogope kuitaja mbele ya watoto. Ilikuwa nzito, ya kushibisha, na watu wa kila umri waliinywa. Wataalamu waliotazama mabaki yake kwa darubini walikuta nafaka iliyochipuzwa, yaani kimea. Kila mtoto ambaye bibi yake anatengeneza togwa anajua kimea ni nini na harufu yake ikoje. Mwaka mmoja mzazi, mama mtu mzima, alikuja darasani na kimea cha ulezi kwenye ungo, akatueleza anavyokilowesha, anavyokifunika, siku anayokianika. Alizungumza dakika arobaini. Yule mama hakuwahi kuingia darasani tangu aache shule mwenyewe, na siku hiyo watoto walimwita mwalimu.

Mkate unaanza na jiwe. Mwanamke, au mtumishi, alipiga magoti mbele ya jiwe pana lililolala mteremko, akasukuma jiwe dogo mbele na nyuma juu ya nafaka, kila siku, saa nyingi. Chembe za jiwe na mchanga wa jangwani viliingia kwenye unga, na meno ya Wamisri wa kale, hata ya matajiri, yamelika hadi kufikia mzizi. Ukitaka mtoto akumbuke jambo hili usimwandikie ubaoni. Mpe jiwe la kusagia.

Kuhusu watoto wenyewe, nitapita haraka kwa sababu darasa litawatangulia. Walinyolewa kichwa na kuachiwa kishungi kimoja upande. Wakati wa joto walikaa uchi. Katika mji mwingine wa wafanyakazi, Kahun, Mwingereza Flinders Petrie alipochimba mwaka 1889 na baada yake, zilipatikana pia za mbao za kuzungusha, vinyago vya udongo na mipira ya ngozi iliyojazwa nyasi kavu. Mwenye mpira wa matambara mfukoni hahitaji maelezo zaidi. Wanja walipaka wote, wanaume kwa wanawake, mweusi na wa kijani. Na kwa wavulana wakubwa, ambao jando wanalijua, nawasimulia habari ya mtu mmoja aitwaye Uha, aliyeandika kwenye jiwe lake la kumbukumbu kwamba alitahiriwa pamoja na wanaume 120. Siongezi neno. Wanaangaliana.

Ninapokaa muda mrefu zaidi ni kwa mama mmoja aitwaye Naunakhte. Nawaomba na ninyi mkae naye.

Karibu mwaka 1145 K.K., katika mwaka wa tatu wa Ramesses wa Tano, mama huyu mzee alisimama mbele ya baraza la kijiji cha Deir el-Medina akatoa wosia. Alisema yeye ni mwanamke huru wa nchi ya Farao. Alisema amezaa na kulea watoto wanane, akawapa kila kitu ambacho watu wa hali yao huwapa watoto wao wanapoanza maisha. Sasa amezeeka, na wapo wasiomtunza. Waliomshika mkono atawagawia mali yake. Ambaye hakumpa kitu, naye hatampa. Mwanawe mmoja akapewa bakuli la shaba nyeusi juu ya fungu lake. Walionyimwa mali ya mama walibaki na haki yao katika mali ya baba, na hilo nalo liliandikwa wazi. Karatasi zipo, majina ya mashahidi yapo.

Naligeuza darasa kuwa baraza. Mmoja ni Naunakhte, wanane ni watoto wake, waliobaki ni wazee wa kijiji. Walionyimwa wanapewa nafasi ya kujitetea. Huwa naandaa maswali na huwa siyatumii. "Mimi nilikuwa na watoto wangu wa kulisha." "Mama hakuniambia kwamba anaumwa." "Mbona kaka alikuwa anakaa naye nyumba ileile, kwake ilikuwa rahisi!" Kuna mwaka msichana mmoja, anayelelewa na bibi yake, alinyamaza kipindi chote, na wazee wa baraza walipotaka kupiga kura akauliza: "Na kama huyu mama asingekuwa na mali, angewaambia nini?" Kura haikupigwa siku hiyo. Kengele ililia, wakatoka polepole.

Jambo hilo lina umri wa miaka elfu tatu na zaidi. Mnaona kwa nini sihitaji maiti iliyokaushwa ili darasa linisikilize?

Lakini nawadai uaminifu, walimu wenzangu, na mimi mnidai. Watu wa Deir el-Medina hawakuwa Wamisri wote. Walikuwa mafundi wa mfalme, wengi wao walijua kusoma, maji waliletewa na nguo walifuliwa. Wamisri walio wengi walikuwa wakulima ambao hawakuandika hata kigae kimoja. Tunawaona tu wamechorwa kwenye makaburi ya wakubwa wao, wakivuna huku mwandishi anahesabu, na anayedaiwa kodi amelazwa chini anachapwa. Mtoto lazima aambiwe kwamba walio wengi hawakuachiwa nafasi ya kusema. Na wale mafundi nao, pamoja na hadhi yao, walilala njaa. Mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu nafaka ilichelewa, na siku kumi na nane za mwezi zilipopita bila mshahara waliweka chini nyundo, wakavuka vituo vya walinzi, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu, wakisema wana njaa, hawana nguo, hawana samaki, hawana mboga, na Farao aambiwe. Karani Amennakht aliyaandika, na mafunjo yenyewe yako Turin, Italia. Ni mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ambao maandishi yake tunayo.

Mtoto atauliza pia kama piramidi zilijengwa na watumwa waliofungwa minyororo, maana kaona kwenye televisheni. Mwaka 1990, kule Giza, farasi alijikwaa kwenye ukuta wa tofali uliofukiwa na mchanga, na pale yakapatikana makaburi ya wafanyakazi waliojenga piramidi. Walizikwa karibu na mfalme wao, wakiwa na mitungi ya pombe na mikate. Mifupa yao ina majeraha ya kazi nzito, migongo imechakaa, lakini mikono iliyovunjika iliungwa ikapona. Kazi ilikuwa ya lazima kwa wengi wao, hilo tusilifiche. Ila mtu anayefungwa banzi mkono upone amehesabiwa kuwa mtu.

Nimalizie na mto, kwa sababu tuko Mwanza na ziwa liko hapo nje. Watoto wetu hufurahi mno wakisikia kwamba maji ya Ziwa Victoria yanatoka Jinja yakaenda hadi Misri. Waacheni wafurahi, kisha waambieni habari yote: mafuriko yaliyoleta udongo mweusi mashambani yalitoka kwenye milima ya Ethiopia, kupitia Nile ya Buluu na Atbara. Maji yetu ndiyo yaliyoufanya mto usikauke wakati wa kiangazi. Wamisri waligawa mwaka wao kwa mto huo: miezi minne ya mafuriko, minne ya kupanda, minne ya kuvuna, kila mwezi siku thelathini, na siku tano zikaongezwa mwishoni. Tangu lile bwawa kubwa la Aswan likamilike mwaka 1970, mafuriko hayo hayaji tena. Mzee wa Kimisri aliye hai leo anaweza kuwa aliyaona utotoni mwake.

Ratiba inasema sasa ni maswali. Kabla ya maswali naomba tutoke nje kidogo. Chini ya mwembe nimeweka mawe matatu ya kusagia, ngano kilo mbili na mkeka wa kupigia magoti. Kila mmoja asage dakika kumi bila kupumzika, na wageni wetu wa meza kuu watangulie. Unga utakaopatikana tutaupima.